Barua ya wazi kutoka Tanga: anayevamiwa mtandaoni na aseme

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mawasiliano na teknolojia ya habari; kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania na mwenzake wa Mamlaka ya Serikali Mtandao; kwa Gavana wa Benki Kuu; na kwa wakuu wa kampuni za simu, benki, bandari na nishati mnaokaa meza moja kujadili sera ya usalama wa mtandao wa taifa.

YAH: WAJIBU WA KUTOA TAARIFA MFUMO UNAPOVAMIWA

Waheshimiwa,

Ninawaandikia kutoka Chumbageni, Tanga, ambako kwa miaka 19 nimekuwa wakala wa forodha, yaani mtu wa kuwatolea watu mizigo yao bandarini. Mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nilipoanza kazi hii faili lilibebwa kwapani kutoka dirisha hadi dirisha, na muhuri wa wino ndio uliokuwa nywila yetu. Leo kasha halitoki getini mpaka mfumo wa forodha uzungumze na mfumo wa bandari, benki iitambue kumbukumbu namba ya malipo, na dereva wa lori aonyeshe ujumbe kwenye simu yake. Siyalilii ya zamani, kwa kuwa kazi iliyokuwa ikituchukua wiki sasa inaweza kwisha kwa siku chache. Ninachotaka kuwaeleza ni jambo moja ambalo katika mijadala yenu hutajwa kwa haraka, nalo ni ukimya wa anayevamiwa.

Nianze na lililonipata mwenyewe. Mteja wangu mmoja wa Arusha alikuwa na makasha manne ya mashine, na nauli ya malori ilipaswa kulipwa kabla ya safari. Kampuni ya usafirishaji, ambayo sitaitaja, ilinitumia ankara kwa barua pepe asubuhi. Mchana ikaja barua pepe ya pili kutoka anwani ileile, ikiwa na jina lilelile la karani, namba sahihi za makasha yote manne, na maneno ya kuomba radhi kwamba akaunti iliyoandikwa asubuhi inakaguliwa na wahasibu, hivyo tulipe katika nyingine. Tulilipa shilingi milioni 11. Siku ya tatu karani alinipigia kuuliza mbona malipo hayaonekani.

Nilikwenda mwenyewe ofisini kwao. Yule kijana alinikaribisha kiti, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mzee wangu, hata sisi tuliingiliwa. Kuna mtu alikuwa anasoma barua zetu tangu kabla ya Ramadhani." Ramadhani ilikuwa imekwisha miezi miwili nyuma. Nikamuuliza kwa nini hawakutuambia sisi tunaowalipa kila wiki. Akanijibu, "Tuliambiwa tusiseme."

Waheshimiwa, naomba mlitazame jibu hilo kwa makini, kwa sababu mafunzo yote tunayopewa kuhusu usalama wa mtandao yasingeniokoa siku ile. Tumefundishwa kuikagua anwani ya mtumaji, na anwani ilikuwa ya kweli. Tumefundishwa kushuku Kiswahili kibovu, na Kiswahili kilikuwa kizuri kuliko changu. Ningeweza kumpigia karani simu kabla ya kulipa, na kosa hilo ninalikubali; ila sikuwa na sababu ya kumshuku mtu niliyefanya naye kazi miaka sita. Wao walikuwa na sababu hiyo mkononi. Mstari mmoja tu, wa kusema kwamba barua pepe zetu zimeingiliwa na msibadilishe akaunti yoyote bila kupiga simu, ungetosha. Mwizi alichukua fedha, lakini aliyempa miezi yote ile ya kuzichukua ni ukimya.

Sasa linganisheni na namna sisi wadogo tulivyofundishwa. Ukipokea ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", umeambiwa uupeleke kwenye namba 15040 pamoja na namba iliyoutuma. Umeambiwa ubonyeze *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kuanzia Mei 2019 hadi Januari 2020 tulipanga foleni ndefu kuweka alama za vidole ili kila laini iwe na mwenyewe, na wengine walifungiwa laini zao kwa kuchelewa. Haya yote yalikuwa ya haki na yamesaidia. Mama anayeuza samaki pale Deep Sea anaujua wajibu wake wa kutoa taarifa. Ninachouliza ni kwamba kampuni yenye seva, mwanasheria na mkuu wa kitengo cha teknolojia imepewa wajibu gani unaolingana na wa huyu mama?

Ninajua jibu litakuwa kwamba sheria zipo, na ni kweli zipo. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 ndiyo iliyotupa timu ya kitaifa ya kushughulikia matukio ya usalama wa kompyuta, TZ-CERT, iliyo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilianza kutumika Septemba 1 mwaka ule. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Mwaka huo wa 2024 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano ulituweka katika kundi la juu kabisa la kielezo chake cha usalama wa mtandao, pamoja na Kenya, Rwanda, Ghana, Misri, Moroko na Morisi. Nilifurahi nilipoisikia habari hiyo. Lakini kielezo kile hutazama sheria, taasisi, mafunzo, ushirikiano na maandalizi ya kiufundi. Ni kama kukagua kwamba meli ina majaketi ya kuokolea yaliyohesabiwa na kuandikwa kwenye daftari. Kama nahodha atasema anapougonga mwamba, hilo ni swali jingine.

Na sheria nilizozitaja, kila moja inatazama upande wake. Ya mwaka 2015 ni ya kumkamata mkosaji, na mtaani kwetu jina lake limezoea kuleta picha ya mtu aliyeitwa polisi kwa sababu ya alichoandika, jambo ambalo, niseme ukweli, humfanya hata aliyeibiwa asite kwenda kituoni na kitu chochote chenye neno "mtandao" ndani yake. Ya mwaka 2022 inamlinda mtu ambaye jina lake, picha yake au maelezo ya afya yake yamehifadhiwa na mwingine. Ni sheria njema. Lakini mfumo wa bandari ukifungwa na wadukuzi, winchi zikasimama na matunda yakaoza ndani ya makasha, inawezekana kabisa kwamba hakuna taarifa binafsi hata moja iliyovuja.

Hapa ndipo ninapowaomba mgeuze macho mtazame Tanga. Bandari yetu, ambayo miaka yote meli kubwa zilikuwa zikitia nanga mbali na mizigo ikaletwa kwa matishari, imechimbwa kina cha mita 13 na kujengewa gati ambapo meli inafunga yenyewe. Ng'ambo ya ghuba, Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda: kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko katika ardhi yetu. Mafuta yake yana nta nyingi, hayatiririki bila kupashwa moto, kwa hiyo bomba limefunikwa kuhifadhi joto, linapashwa moto kwa umeme njia nzima, na pembeni yake umelazwa mkongo wa mawasiliano wa kuliongoza. Bomba la namna hiyo ni mfumo wa kompyuta kama lilivyo bomba. Likisimama ghafla, kuliwasha upya si kazi ya kufungua koki.

Marekani ilijifunza somo hili Mei 7, 2021. Kampuni ya Colonial Pipeline, ambayo bomba lake lenye urefu wa kilomita zipatazo 8,850 lilikuwa likipeleka karibu asilimia 45 ya mafuta ya pwani ya mashariki ya nchi ile, ilikuta kompyuta zake zimefungwa na wahalifu wanaodai kikomboleo. Mitambo ya bomba lenyewe haikuguswa. Zilizoguswa ni kompyuta za ofisi, zikiwamo za hesabu za wateja, na kampuni ikalizima bomba kwa tahadhari kwa muda wa siku kama tano. Vituo vikakauka, watu wakajaza mafuta kwenye chochote kilichoshika maji. Na mlango ulioingiliwa? Nywila moja ya akaunti ya zamani ambayo haikuwa ikitumika tena, isiyo na uthibitisho wa hatua ya pili. Kampuni ililipa takriban dola milioni 4.4, na serikali baadaye ikafanikiwa kurudisha sehemu yake.

Haya tunayajua kwa sababu yalisemwa. Mkuu wa kampuni ile alikaa mbele ya Seneti mwezi uliofuata, akakiri habari ya nywila na habari ya malipo. Kabla ya mwezi wa Mei kwisha, mamlaka ya usalama wa usafirishaji ya nchi ile ilikwisha kutoa agizo kwamba wenye mabomba watoe taarifa za uvamizi ndani ya saa 12. Machi 2022 ikatiwa saini sheria pana zaidi ya kutaka wenye miundombinu muhimu waeleze tukio kubwa ndani ya saa 72, na ndani ya saa 24 ikiwa wamelipa kikomboleo, ingawa kuziandaa kanuni zake kumechukua miaka. Umoja wa Ulaya nao umeweka saa 24 kwa tahadhari ya mwanzo na saa 72 kwa taarifa ya tukio lenyewe. Nchi hizi zimeona kwamba hasara ya mmoja aliyenyamaza huwa hasara ya kumi waliokuwa nyuma yake.

Upande wa bandari, mifano iko karibu zaidi. Julai 22, 2021 mifumo ya Transnet, kampuni ya serikali ya Afrika Kusini inayoendesha bandari na reli, ilivamiwa, na makasha ya Durban na Cape Town yakashughulikiwa kwa karatasi huku kampuni ikitangaza kwamba haiwezi kutimiza mikataba yake kwa sababu iliyo nje ya uwezo wake. Miaka minne kabla, Juni 27, 2017, programu hasidi iliyopewa jina la NotPetya ilianza safari yake katika masasisho ya programu ya uhasibu ya kampuni isiyo kubwa huko Ukraine, na ndani ya saa chache ikaziangusha kompyuta za kampuni ya meli ya Maersk dunia nzima. Gati zake kadhaa zikabaki na malori yamepanga foleni getini bila mtu wa kuyaambia neno. Mwenyekiti wa kampuni hiyo alisimama kwenye kongamano la uchumi la dunia huko Davos Januari 2018 akaeleza kwamba walilazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi. Na ipo habari ndani ya habari hiyo ambayo kila nikiikumbuka hucheka: nakala pekee iliyosalimika ya orodha kuu ya watumiaji na ruhusa zao ilipatikana katika ofisi ya Ghana, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na seva ile ilikuwa imezimika mtandao ulipokuwa ukiteketea. Sisi tunaoujua mgao wa umeme hatukuwahi kudhani kwamba ungekuja kuikomboa kampuni ya meli ya Denmark.

Nimeyataja haya yote kwa sababu moja. Mdukuzi hakuingia kwa kuvunja ukuta mkubwa. Aliingia kwa programu ya mhasibu, kwa akaunti iliyosahauliwa, na kwangu mimi aliingia kwa kompyuta ya kampuni ya malori. Ninyi mnaokaa mezani mna kuta imara, lakini bandari ya Tanga haiwezi kufanya kazi siku moja bila mawakala wadogo, wenye malori, wapima mizigo na wenye maghala, ambao wengi wana kompyuta moja, nywila moja iliyoandikwa nyuma ya kalenda, na barua pepe inayotumiwa na watu wanne. Mkitunga sera ya kuwalinda wakubwa peke yao mtakuwa mmefunga mlango wa mbele na kuacha uani wazi.

Najua hoja ya upande wa pili, na sitaki kuipuuza. Watu wa benki watasema kwamba tangazo la uvamizi linaweza kuwatia wateja hofu wakakimbilia kutoa fedha, na kwamba kumweleza kila mtu namna mlivyoingiliwa ni kumfundisha mwizi mwingine. Hoja hii ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili. Kuiambia mamlaka ndani ya saa 24, kwa siri, hata kama bado hamjui ukubwa wa jambo, hakumtishi mteja yeyote. Kuwaambia wale tu ambao uvamizi wenu unaweza kuwadhuru, kwamba wasiyaamini maelekezo ya malipo kutoka kwenu hadi hapo mtakapowathibitishia, si kutoa siri ya ulinzi. Magazeti na redio zinaweza kusubiri. Na hofu ambayo mimi nimeiona kwa macho yangu ni ile inayokuja baadaye, mteja anapogundua mwenyewe kwamba mlijua mkakaa kimya. Mteja wangu wa Arusha amehamishia mizigo yake yote Dar es Salaam. Kampuni ile ya malori imempoteza, na mimi pia.

Kwa hiyo ombi langu ni kwamba sera mnayoijadili ifuatwe na kanuni yenye saa ndani yake. Neno "mapema iwezekanavyo" tunalijua sisi wa Pwani, ni ndugu wa "njoo kesho". Iwekwe saa 24 ya kuiarifu TZ-CERT, na saa 72 ya kuwaarifu mnaofanya nao biashara ikiwa uvamizi unaweza kuwafikia. Anayesema asiadhibiwe kwa kusema, hata kama uzembe wake ndio uliomletea balaa. Uzembe uwe na shauri lake mbali, ila kauli yake ya kuripoti isigeuzwe kuwa ushahidi wa kwanza dhidi yake, kwa maana mkifanya hivyo hata mara moja, hamtamsikia mwingine akifungua mdomo. Anayeficha ndiye atozwe. Na kwetu sisi wadogo, taarifa iwe ni simu ya dakika tano kwa mtu anayejibu kwa Kiswahili. Ikiwa ni fomu ya kurasa tisa ya Kiingereza inayouliza maswali ambayo hata fundi wetu wa kompyuta hawezi kuyajibu, haitajazwa.

Kuhusu Kiswahili nitasema kidogo. Tangu mwaka 2021 sheria za nchi zimekwisha kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Tahadhari za kiufundi zinazotolewa zikiwa Kiingereza kitupu huishia kwa wale ambao tayari walikwisha kuzisoma kwingine. Kila mwezi TZ-CERT ingeweza kutoa ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi unaoeleza, bila kumtaja mtu wala kampuni, ni mbinu zipi zimeingia nchini mwezi ule: walibadilisha akaunti kwenye ankara, walipiga simu wakijifanya huduma kwa wateja, walituma faili lenye jina la tangazo la zabuni. Ukurasa huo ningeubandika ukutani juu ya kompyuta yetu, mahali palipo na ratiba ya meli.

Na msiniambie kwamba serikali haijazoea kusema. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini na intaneti ikalegea nchi nzima, waziri wa wakati ule aliueleza umma siku ileile kilichotokea na wapi. Haukuwa uvamizi, ilikuwa hitilafu ya baharini, lakini tazameni ilivyokuwa hapa kwetu. Tulijua tatizo haliko kwenye kompyuta zetu, tukawapigia wateja, tukapanga upya malori, mtu akaenda kuswali, mwingine akaenda kula, hakuna aliyegombana na mwenzake. Mbiu ya mgambo ililia, na kila mtu akajua la kufanya na siku yake.

Mwisho, ninawaomba kikao kimoja cha majadiliano haya kifanyike hapa Tanga, na walioalikwa wawe ni pamoja na chama chetu cha mawakala, wenye malori, vyama vya wavuvi wanaouza kwa fedha za simu, na yule karani kijana, ikiwa mwajiri wake atamruhusu kusema. Ukumbi hautakosekana, na madafu yetu mnayajua. Barua pepe zile mbili, ya asubuhi na ya mchana, nimezichapa zote na ziko ndani ya faili la bluu kwenye meza yangu. Ukiziweka sambamba huoni tofauti yoyote isipokuwa tarakimu za akaunti. Mteja wangu ameniruhusu nizionyeshe, na mtakaponiita nitakuja nazo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakala wa forodha,
Chumbageni, Tanga